Ndege ya Mizigo Ikianguka Huulizwa Kwa Nini. Lori Likituua Hapa Je?



Kila mtu wa hapa Londiani anakumbuka alikuwa wapi jioni ya Ijumaa, tarehe 30 Juni 2023. Siku ile lori lililobeba kontena lilikosa mwelekeo pale Londiani Junction, likagonga matatu, magari madogo na boda boda, likawapitia akina mama waliokuwa wakiuza vitu kando ya barabara na watu waliokuwa wakingoja gari la kwenda nyumbani. Zaidi ya watu 50 walifariki. Tulikwenda matangani wiki nzima, na nyumba nyingine bado hazijasimama sawasawa mpaka leo.

Baadaye, katika mkutano wa kikundi kimoja cha akina mama, mzee mmoja wa kike alituuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake papo hapo. Alisema hivi: "Nyinyi mnasoma magazeti. Ndege ikianguka, tunasikia watu wametoka nchi za mbali kuja kuokota hata msumari. Wanataka kujua kwa nini. Sasa hapa kwetu, baada ya kuzika, nani aliokota msumari?"

Tulirudi na swali hilo ofisini, tukasoma na kuuliza wenye ujuzi. Makala hii ni jibu letu. Tutaeleza jinsi ajali za ndege za mizigo zinavyochunguzwa, kisha tuone ni nini kikundi cha kijijini kinaweza kujifunza hapo. Maana mzigo ni mzigo, uwe angani au barabarani.

Ng'ombe shambani

Tuanze na jambo tunalolijua sote. Ng'ombe ameingia kwenye shamba la mahindi. Mwenye shamba anakuja mbio, anamchapa kijana mchungaji, anarudi nyumbani ameridhika. Kesho yake ng'ombe yuko ndani tena. Kwa nini? Kwa sababu tundu la ua liko pale pale. Kijana amechapwa, lakini ua haukuzibwa.

Hiyo ndiyo tofauti kati ya kutafuta mwenye kosa na kutafuta chanzo. Yote mawili yana mahali pake. Aliyefanya uzembe ashtakiwe, na aliyeumizwa alipwe fidia. Hiyo ni kazi ya polisi na korti. Lakini kuna kazi ya pili, ya kutafuta tundu na kuliziba, na kazi hiyo inahitaji watu wake na utaratibu wake. Watu wa ndege walilitambua jambo hili zamani.

Sheria ya ndege inasemaje?

Mwaka 1944 mataifa yalikutana mjini Chicago, Marekani, yakatia sahihi mkataba wa usafiri wa anga. Kutokana na mkataba huo lilizaliwa shirika la kimataifa linaloitwa ICAO. Mwaka 1951 shirika hilo lilipitisha kanuni za uchunguzi wa ajali, zinazojulikana kama Kiambatisho cha 13. Kanuni hizo zinasema wazi kwamba lengo la uchunguzi ni moja tu, kuzuia ajali nyingine isitokee. Si kumlaumu mtu, wala si kuamua nani alipe.

Nchi ambako ndege imeanguka ndiyo inayoongoza uchunguzi. Lakini nchi iliyoiandikisha ndege, nchi ya kampuni inayoiendesha, na nchi iliyoibuni na kuiunda, zote zina haki ya kutuma wajumbe. Ndiyo maana yule mama aliona wageni wengi.

Ripoti ya awali yafaa kutolewa ndani ya siku 30. Ripoti ya mwisho yafaa kutoka ndani ya miezi 12 ikiwezekana. Isipowezekana, nchi husika inapaswa kutoa taarifa kila mwaka siku ya ajali inapotimia, ieleze imefika wapi. Hatusemi kwamba kila nchi inatimiza hayo. Ziko ripoti zinazochelewa sana. Lakini angalau kuna ahadi iliyoandikwa, na mtu anaweza kuuliza: ahadi imekwenda wapi?

Hapa Kenya kazi hiyo ni ya Idara ya Uchunguzi wa Ajali za Ndege, iliyo chini ya wizara ya uchukuzi. Angalieni jambo moja la maana. Idara hiyo si sehemu ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, ile KCAA inayotoa leseni na kusimamia makampuni. Zimetenganishwa makusudi. Kwani pengine kosa liko kwa msimamizi mwenyewe, na mtu hawezi kuwa hakimu wa kesi yake. Ni kama kikundi chetu: mweka hazina hakagui vitabu vyake mwenyewe.

Wachunguzi hutazama nini?

Kwanza, eneo la ajali hulindwa. Kila kipande hupigwa picha pale kilipoangukia kabla ya kusogezwa, maana mahali kilipo kinaeleza ndege ilifika chini namna gani.

Pili, hutafutwa vile visanduku viwili. Vinaitwa vyeusi, lakini rangi yake ni ya machungwa ili vionekane upesi. Kimoja huhifadhi habari za mwendo, kimo, mwelekeo na nguvu za injini, kwa muda wa saa 25 au zaidi. Kingine huhifadhi sauti za chumba cha rubani, maneno yao na hata kengele zinazolia.

Tatu, hukusanywa makaratasi. Ndege ilitengenezwa lini mara ya mwisho? Nani alitia sahihi? Rubani alilala saa ngapi, na alikuwa amefanya kazi siku ngapi mfululizo? Hali ya hewa ilikuwaje?

Nne, na hili ni kubwa kwa ndege ya mizigo, huulizwa habari za mzigo wenyewe. Ulikuwa kilo ngapi? Uliwekwa upande gani? Ulifungwa na nini? Mkiwa na mkokoteni wa punda mnajua jambo hili. Ukiweka magunia yote ya viazi nyuma, mikono ya mkokoteni inainuka na punda anataka kuning'inia. Uzito ni ule ule, lakini umekaa vibaya. Ndege nayo ni hivyo hivyo.

Mifano ya kweli

Tarehe 7 Agosti 1997, mjini Miami, Marekani, ndege ya mizigo aina ya DC-8 iliinua pua kupita kiasi mara tu ilipopaa, ikaanguka. Watu 5 walikufa, mmoja wao akiwa chini. Wachunguzi waligundua kwamba mzigo ulikuwa umepakiwa vibaya, uzito ukaelemea nyuma. Marubani hawakujua, maana karatasi waliyopewa ilisema vingine.

Tarehe 29 Aprili 2013, huko Bagram, Afghanistan, ndege kubwa ya mizigo aina ya Boeing 747 ilianguka muda mfupi baada ya kuruka, na watu wote 7 waliokuwemo wakafa. Ilibeba magari 5 mazito ya kijeshi. Kufunga kwake hakukutosha. Gari lilirudi nyuma likavunja vifaa vya kuongozea ndege, na baada ya hapo marubani hawakuweza lolote. Je, kosa ni la yule aliyefunga? Wachunguzi hawakuishia kwake. Walisema kampuni yenyewe ilikuwa na maelekezo yasiyofaa ya kufunga mizigo ya namna ile, na wasimamizi wa serikali hawakuyakagua vya kutosha. Mnaona? Walitoka kwa mtu mmoja wakafuata ua wote, tundu baada ya tundu.

Turudi nyumbani. Tarehe 2 Julai 2014, saa kumi alfajiri na dakika chache, ndege ya mizigo aina ya Fokker 50 iliondoka uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, ikipeleka miraa Mogadishu. Ilianguka juu ya jengo mtaani Utawala, na watu wote 4 waliokuwemo wakafa. Kisanduku cha sauti kilipatikana. Uchunguzi wa Kenya ulionyesha kwamba kengele ya onyo ililia mara 27 wakati ndege ikiondoka, na marubani hawakusimamisha safari. Tena hitilafu hiyo ilikuwa inajulikana kabla ya kuondoka.

Tunaomba msome tena hapo. Kengele mara 27. Sisi tulipoisoma tulinyamaza, halafu mmoja wetu akasema, "Hata sisi tumepanda matatu ambayo breki zinapiga kelele tangu Kericho mpaka Nakuru, na hakuna aliyesema kitu." Mtu akizoea kengele, haisikii tena. Na mzigo kama miraa hauna subira, ukichelewa unaharibika na pesa inapotea. Maziwa je? Kabichi? Majani mabichi ya chai yanayongojwa kiwandani? Haraka ya mzigo inafika mpaka mguu wa dereva.

Soko la Kinshasa

Kuna ajali moja ambayo hatuwezi kuisoma bila kuifikiria Londiani Junction. Tarehe 8 Januari 1996, mjini Kinshasa, ndege ya mizigo aina ya Antonov 32 ilishindwa kupaa kutoka uwanja wa N'Dolo. Ilikuwa imebeba mzigo kupita kiasi. Ilipita mwisho wa uwanja ikaingia moja kwa moja sokoni. Zaidi ya watu 200 walikufa, wengi wao akina mama na watoto waliokuwa wakiuza na kununua.

Marubani walishtakiwa na kuhukumiwa kifungo. Pengine ilistahili. Lakini hukumu ya rubani haijibu maswali haya: nani aliuruhusu mzigo ule upakiwe? Nani alipaswa kuupima? Na soko lilifikaje mpaka mdomoni mwa uwanja wa ndege? Tarehe 4 Oktoba 2007, mji ule ule, ndege nyingine ya mizigo, Antonov 26, iliangukia nyumba za watu mtaa wa Kimbanseke.

Soko kwenye mwisho wa uwanja wa ndege, na soko kwenye ukingo wa barabara kuu. Hatusemi akina mama ndio wenye makosa. Mama huuza pale magari yanaposimama, kwa sababu pale ndipo penye wanunuzi, na watoto wanataka karo. Baada ya ajali ya Londiani serikali ilisema masoko ya kando ya barabara yahamishwe. Ni neno zuri, lakini mama mboga akipelekwa mahali pasipo na wateja, atarudi barabarani kesho. Kwa hiyo kuliziba tundu hilo ni kumpatia nafasi salama inayouza, na kufanya magari makubwa yapunguze mwendo kabla hayajafika penye watu.

Na kwa lori je?

Ajali ya barabarani inapotokea, polisi wa trafiki huja, huchora ramani ya mahali, huandika maelezo, na gari hukaguliwa. Kisha dereva akiwa hai hushtakiwa, au hufanyika uchunguzi wa korti kuhusu kifo. Iko pia mamlaka ya NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, inayoshughulikia leseni, ukaguzi wa magari na usalama, na KeNHA inayosimamia barabara kuu. Vyombo vipo. Lakini kwa desturi, kazi ya polisi inaelekea kwenye swali la nani ashtakiwe. Mwananchi wa kawaida hapewi ripoti inayosema: breki zilikuwa hivi, mzigo ulikuwa hivi, dereva alikuwa ameendesha saa ngapi, barabara ina kasoro hii, na sasa mambo haya matano yafanywe na fulani kabla ya tarehe fulani.

Tunajua inawezekana. Kule Salgaa na Sachangwan, njia hii hii ya malori, tumepoteza watu wengi sana. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, likawaka moto, na zaidi ya watu 100 wakafa. Tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori viligongana Migaa, watu 36 wakafa. Kwa miaka mingi tulisikia ni madereva wabaya, na wengine walisema ni mapepo. Mwishowe barabara ile iliwekewa vizuizi vya kutenganisha magari yanayopanda na yanayoshuka. Pepo haliogopi saruji! Shida ilikuwa barabara yenyewe, na barabara ikarekebishwa.

Tulipojichunguza wenyewe

Sasa tuseme la kwetu, hata kama linatuaibisha.

Kikundi kimoja tunachokitembelea kilikuwa kikipeleka viazi sokoni kwa pikapu ya kukodi. Siku moja pikapu ilipinduka kwenye kona. Wanachama wawili walikuwa wamekaa juu ya magunia, mmoja akavunjika mguu. Tukakutana. Tukasema dereva ni mlevi na hafai, tukatafuta mwingine, na tukafunga kitabu. Sisi wafanyakazi wa maendeleo tulikuwa kwenye kikao hicho, na tulitikisa vichwa kukubali.

Haikupita miezi mingi, dereva wa pili naye akapinduka. Huyo hanywi hata busaa.

Hapo ndipo tulipokaa chini tena, safari hii bila kutafuta wa kulaumu. Tulimwalika dereva mwenyewe, tukamwahidi kwamba hatutamkata pesa kwa lolote atakalosema. Akasema ukweli. Kikundi kilikuwa kinamlipa kwa safari, si kwa gunia, kwa hiyo kila mtu aliongeza gunia lake juu. Magunia hayakufungwa kwa sababu kamba iliibwa na hakuna aliyetenga pesa ya kununua nyingine. Tairi za nyuma zilikuwa zimeisha, na sisi wote tulikuwa tumeziona. Wanachama walipanda juu ya mzigo kwa sababu bajeti tuliyowasaidia kuandika haikuwa na nauli ya wauzaji.

Kumbe lile tundu la nauli tulilikata sisi wenyewe, kwa kalamu!

Siku hizi wanahesabu magunia, wana kamba mbili, na nauli imo kwenye bajeti. Faida imepungua kidogo, na wako wanaonung'unika. Yule mama wa mguu anatembea kwa fimbo. Yeye ndiye anayekagua tairi kabla ya kuondoka, na hakuna dereva anayebishana naye.

Mambo ya kuandika kikundi kikipatwa na ajali

Hii haichukui nafasi ya polisi. Kwanza okoeni waliojeruhiwa na ripotini kituoni. Msisogelee lori la mafuta lililopinduka. Halafu, mkishatulia, katibu aandike kwenye daftari:

1. Mahali, tarehe na saa. Kulikuwa na mvua au ukungu? Jua lilikuwa machoni?
2. Gari: namba yake, breki, tairi, taa. Nani aliona kasoro kabla, na alimwambia nani?
3. Mzigo: kiasi gani, ulikaaje, ulifungwa na nini, na kwa nini ulikuwa na haraka.
4. Dereva na utingo: walianza kazi saa ngapi, walilipwa kwa namna gani.
5. Barabara: kona, mteremko, alama, matuta, vibanda viko umbali gani.
6. Kengele: ni onyo gani lilitangulia na likapuuzwa? Je, palikuwa na ajali ndogo mahali hapo kabla?
7. Tufanye nini, nani atafanya, na lini. Bila hili la saba, yote sita ni hadithi tu.

Mkiona tundu ni la barabara, pelekeni barua kwa chifu, kwa mwakilishi wa wadi na kwa KeNHA au kaunti, kulingana na barabara ni ya nani. Bakini na nakala yenye muhuri. Barua moja yenye tarehe za ajali tano ndogo ina nguvu kuliko kelele baada ya ajali kubwa.

Na kwa familia zilizofiwa au kuumia: chukueni abstrakti ya polisi, tunzeni karatasi zote za hospitali, na mkumbuke kwamba kesi ya kudai fidia kwa uzembe, kwa kawaida, lazima ifunguliwe ndani ya miaka 3. Wengi wetu hupoteza haki kwa kungoja machozi yakauke.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Katika kijiji chetu, ni kengele gani inayolia kila siku nasi tumeizoea?
2. Mara ya mwisho tulipopata hasara au ajali, tulitafuta mtu au tulitafuta tundu?
3. Je, dereva au mwanachama anaweza kusema ukweli kwetu bila kuogopa? Kama hawezi, tufanye nini?
4. Akina mama wanaouza kando ya barabara wangependa soko liwe wapi? Je, kuna aliyewauliza?

Yule mzee wa kike aliuliza nani aliokota msumari. Tumemrudia na jibu hili: nchi ina wajibu wa kuokota, na tuendelee kuidai. Lakini misumari mingine iko kwenye boma letu wenyewe, na hiyo hakuna mgeni atakayetoka mbali kuja kutuokotea. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Haya. Basi leteni daftari."

Vikundi vitakavyojaza daftari lao, tunaomba mtuletee nakala tuwashirikishe wengine katika toleo lijalo.